Ua wa Minyaa kwa Musyoki

Maweu Musyoki hakufa kwa ugonjwa wa aibu. Alikufa kwa kichomi, na daktari alisema hivyo mbele ya mkewe. Wala hakuzikwa nje ya makaburi ya kwao kwa sababu shemeji yake, Mwalimu Virginia, alilitamani shamba. Wanawake wanaoyasema hayo sokoni Mkongani wangeuliza kwanza. Alizikwa nje kwa sababu Mwalimu alikataa kukata ua, na haki ya kukataa alikuwa nayo.

Makaburi ya akina Musyoki yamezungukwa na ua wa minyaa usio na lango. Mzee Musyoki aliupanda mwenyewe alipomzika mtoto wake mchanga, muda mfupi baada ya kutoka Ukambani na kugawiwa shamba hapa. Akaweka sharti: anayezikwa humo hukatiwa njia, na tawi la kwanza hukatwa na nyumba ya kifungua mimba. Baada ya mazishi ua huachwa uzibe. Wa kupalilia hupanda ngazi.

Kifungua mimba alikuwa Muange, mume wa Virginia. Alipofariki, panga na ngazi vikabaki kwa mjane wake. Kila Desemba alipanda na ndoo ya chokaa, akang'oa magugu, akapaka, akasugua majina kwa mswaki mkuukuu mpaka yakasomeka.

Mwaka wa tisini na saba, vurugu za kuwafukuza watu wa bara zilipozuka Likoni, alikimbilia Taru kwa ndugu zake. Aliporudi, mwaka mpya ulikuwa umeingia. Mzee Mwero, jirani yao Mdigo, alikuwa ameilinda nyumba. Hata kijiko hakikupotea. Lakini ua wa makaburi ulikuwa na pengo, na vishina vilivyokatwa vilikuwa vimeanza kuchipua. Kaburi la mama mkwe wake, Kanini, lilikuwa udongo mtupu. Bamba la saruji halikuwapo.

Alilikuta kwa Maweu, mdogo wa marehemu mumewe, limelazwa kifudifudi nje ya ghala, mahindi yameanikwa juu yake. Alilijua kwa vipande vya chupa za kijani ambavyo Muange alivipachika ukingoni saruji ikiwa mbichi.

"Shemeji, hilo ni jiwe la mama yako."

Maweu alicheka. "Mama halalamiki. Mvua hii ya El Nino ingeniozeshea mahindi yote. Au ulitaka niyaanike kitandani kwako?"

"Lirudishe."

"Mwalimu, nenda kafundishe watoto. Wewe umeolewa tu hapa. Makaburi ni ya wana wa Musyoki, na niliyebaki ni mimi."

"Na ukifa?"

"Nitalala kando ya mama. Utanizuia wewe?"

Mwalimu aligeuka akaenda zake. Hakwenda kwa chifu wala kwa mchungaji. Hakutaka isemwe kwamba mwana wa Musyoki alimvua mama yake kaburini. Alimwita fundi, Kanini akapata bamba jipya. Penye pengo akachomeka vijiti vya minyaa. Tangu hapo, kila alipopita kwa Maweu, alilitupia jicho lile bamba la zamani, na kulikuta bado lipo kukampa raha kubwa moyoni.

Kichomi kilimchukua Maweu mwaka wa tisini na tisa. Mkewe, Mutheu, alikuja kwa Mwalimu akifuatana na Mzee Mwero.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole sana, Mama Jacktone."

"Kesho tunazika. Nimekuja ukatukatie ua."

"Ua umeziba."

"Dada, jamani! Maiti iko mochari Msambweni, watu wameshaitwa."

Mzee Mwero akamgeukia Mwalimu. "Mama Linet, msamehe kwa ajili ya Mungu. Marehemu hana ulimi tena."

"Alipokuwa nao aliutumia, Mzee. Jiwe lake analo tayari. Chimbeni pale pale alipolilaza."

"Penye mahindi?" Mutheu akalia. "Kama mbwa?"

"Mahali alipachagua mwenyewe. Panga lile pale mlangoni. Anayejiita kifungua mimba wa Musyoki na alichukue."

Hakuna aliyelichukua.

Maweu akazikwa kando ya ghala lake. Vijana walipolibinua bamba kumfunika, maandishi yakatokea: KANINI WA MUSYOKI, MAMA MPENDWA. Mutheu akaomba kwa kunong'ona lilazwe kifudifudi kama lilivyokuwa.

Mwalimu alikuwa amesimama mstari wa mbele na gauni lake jeusi la pasi. "Liacheni lisomeke," alisema.

Linasomeka mpaka leo. Mpita njia akiuliza kwa nini mwanamume amelala chini ya jina la mama yake, Mutheu huinama akaendelea kupukuchua mahindi.

Juzi mama mmoja wa kanisani alimfuata Mwalimu nyumbani, akamuuliza kama Mutheu naye, siku yake ikifika, atakatiwa ua.

Mwalimu alikuwa akisuuza brashi ya chokaa. "Chai yako inapoa," alimwambia.

Yule mama akauliza tena.

Mwalimu akaikung'uta brashi, akaibeba ngazi, akaiingiza jikoni na kufunga mlango.

"Nimeshasema ya kusema," alisema. "Zaidi ya hapo sisemi."