Wifi Yangu Alivyokufa Akiwa Mzima

Mama Cherehani, mke wa kaka yangu, fundi binti wa fundi na mjukuu wa fundi. Ndiye aliyeshona sare za shule nzima wakati mafundi wenzake wamelala na mafua. Ndiye aliyemwambia mwenye nyumba wetu usoni kwamba kola yake imekaa kama sikio la mbuzi, akamrekebishia palepale bila kumvua shati. Ndiye aliyekufa mchana kweupe mbele ya halaiki, akaliliwa, kisha akaenda nyumbani kutazama sufuria lake jikoni. Wengine wana wenye vyeo katika koo zao. Sisi tunaye yeye.

Jina la Cherehani alilipata kwa mguu wake wa kulia. Cherehani yake ilikuwa ile ya kukanyaga, na alianza kuikanyaga angali mtoto, pembeni ya redio ya babake, mpaka mguu na muziki vikaoana. Redio ikiimba polepole, mshono ulitoka umenyooka kama rula. Ikipiga wimbo wa kuchezeka, shauri lako mteja. Kuna bwana suruali yake ilishonwa siku ya muziki wa dansi, pindo moja likapanda, jingine likashuka. Akaja kulalamika.

"Itembelee kwanza," wifi akamwambia. "Utaizoea inavyokwenda."

Hata pasipo cherehani, akisikia ngoma tu, mguu ulikanyaga hewa. Dukani kwenye foleni, mezani, popote.

Sasa mama yetu mzazi alikuwa mtu wa kutulia. Akikaa kitini, kinachochoka ni kiti. Mguu ule ulimkera kuliko deni. "Mkwe gani huyu," alikuwa akisema, "kama kuku aliyekanyaga kaa la moto." Siku tuliyomzika mjomba, kwaya ilipoanza, mguu wa wifi ukaanza nao. Mama akamgeukia, tena mbele ya watu.

"Wewe hata ukifa, mimi sitatoa chozi. Nitajua tu unachezacheza humo ndani."

"Mama, utanililia," wifi akajibu. "Na nitakuwepo nikuone."

Tukashika vinywa. Kaka yangu akajifanya anatafuta kofia, na kofia iko kichwani. Tangu siku hiyo wifi hakutaka gauni, hakutaka safari, hakutaka cherehani mpya. Alitaka chozi la mama mkwe.

Ndipo watu wa filamu walipokuja mtaani. Walikodi nyumba ya daktari wa meno, kule mwisho wa barabara, watengeneze filamu ya huzuni yenye nyimbo. Hadithi yenyewe: binti anatoroka kwao akawe mwimbaji; mama anamngoja dirishani mpaka anakufa; binti anarudi amechelewa, anaimba juu ya maiti, halafu naye anakufa kwa majuto. Mchumba anakufa. Daktari anakufa. Hata mbwa wa nyumbani walikuwa wamempangia kufa.

Wifi aliitwa kushona mapazia ya chumba cha msiba, nami nikamfuata kumshikia kitambaa. Yule mama wa kuigiza alikuwa amekubali yote: kungoja, kukohoa, kuita jina la mwanawe kwa sauti ya kukata maini. Ilipofika zamu ya kulala chini ya shuka, akachukua mkoba wake.

"Nijichurie kifo mimi? Nina watoto wadogo." Akaondoka, na viatu vya filamu miguuni.

Mwongozaji, kijana mwenye skafu shingoni siku ya jua kali, akashika kichwa. "Sura siihitaji, itafunikwa! Naomba mtu yeyote, awe tu mtu asiyetikisika!"

Wifi alikuwa na pini mdomoni. Akazitema moja moja, akasema, "Mimi nitakufa."

Nikamvuta gauni. "Wifi, umesikia alivyosema? Asiyetikisika."

"Mama atakuja kuitazama hii filamu?"

"Akisikia umo, atakuja, japo akutafute kosa."

"Basi niache nife."

Akalala kitandani, wakamfunika shuka jeupe. Shuka lilikuwa fupi, nyayo zikabaki nje.

Nyimbo zilikuwa zimekwisha kurekodiwa studio na mama mmoja mwenye sauti ya asali, ambaye hatukumtia machoni. Pale alikuwepo Mrembo, nyota wa filamu. Kazi yake ilikuwa kufungua mdomo, sauti itoke kwenye spika. Wimbo wa kumlilia mama ulikuwa na maneno mazito: "Fungua mama, nimefika, nimechoka kubisha." Lakini mpiga ngoma, nadhani hakuna aliyemwambia kuna msiba. Alipiga kama kaitwa harusini.

Spika ikafunguliwa. Mrembo akapiga magoti kichwani pa marehemu. Ngoma ikaingia, na kidole gumba cha wifi kikaingia nayo. Vidole vingine vikafuata. Mguu mzima ukakanyaga.

"Simama! Maiti inacheza!"

"Samahani, mwanangu," shuka likajibu. "Ni mguu huo, si mimi."

Wakaufunga mguu kwa kamba kwenye tendegu. Ngoma ilipoingia, kitanda kikaanza kutembea. Kilimfikia mpiga picha kabla hajamaliza kuuliza kulikoni.

Mwisho mmoja wao akaleta pamba, wakamshindilia wifi masikioni mpaka basi. Hapo akatulia kama gogo, maana hakusikia kitu. Mwongozaji akapumua. Spika ikafunguliwa, Mrembo akafungua mdomo, na balaa likahamia kwake: mdomo umefika kituoni, sauti bado inakata tiketi. Wakarudia. Safari hii sauti ikafika, mdomo umeshakwenda zake.

"Mbona mwanzo ulikuwa unapatia?" mwongozaji akafoka.

Mrembo akaangua kilio, tena cha kweli, rangi ya macho ikamfika shavuni. "Mwanzo nilikuwa namfuata maiti! Mimi ngoma siisikii. Nilikuwa naangalia kidole chake ndiyo najua pa kufungua mdomo!"

Sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya marehemu, aliyekuwa amepitiwa na usingizi na anakoroma. Hata mbwa akainua kichwa kumtazama.

Mwongozaji akakaa sakafuni. Akafikiri mpaka skafu ikamlegea. Kisha akainuka, akamtoa wifi pamba masikioni, akamwamsha kwa heshima zote.

"Mama, cheza."

"Nicheze?"

"Cheza miguu tu. Na wewe," akamwambia Mrembo, "hama huko kichwani. Anza kwa kusimama, umtazame. Ngoma ikikaribia kuingia, mwangukie miguuni. Ikumbatie, ifunike kwa mikono na nywele, uweke shavu hapo."

Wakapiga mara moja tu, ikatosha. Mdomo na sauti vilikwenda pamoja kama pacha. Mpiga picha alilia mpaka akaomba mtu amfutie kioo. Ukitazama ulimwona binti anatetemeka kwa majonzi juu ya miguu ya mama yake. Kumbe anayemtetemesha ni marehemu.

Filamu ilipofika kwenye ukumbi wa sinema, mama akavaa nguo yake nzuri. "Naenda kuona uongo wa mkwe wangu," akasema. Akakaa katikati yetu, mkoba magotini, macho makavu kama jiwe la kunolea. Mchumba akafa, mama akasema, "Huyo hata kuugua hajui." Daktari akafa, mama akapiga mwayo. Wifi anamtazama mama badala ya filamu.

Kikaja chumba cha msiba. Mapazia ya wifi, shuka jeupe, na kwa mbele, pana kama mlango wa duka, nyayo mbili. Ule wa kulia una sugu kisiginoni na kidole cha pili kilichompanda mwenzake. Zimetulia. Ngoma haijaingia.

Mama akasogea mbele. "Mguu ule naujua."

"Ni wangu, mama," wifi akanong'ona.

"Nyamaza. Nimeugombeza tangu siku uliyoingia nyumbani kwangu, nisiujue?" Akatazama tena. Midomo ikaanza kumcheza. "Umetulia," akasema. "Jamani, umetulia!" Halafu akapasuka: "Mkwe wangu katulia! Mkwe wangu jamani! Nani atakanyaga tena pale barazani!"

"Mama, tusikie wimbo!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Msikie nini? Ninyi mmefiwa?"

Wifi akamshika bega. "Mama, mimi huyu hapa. Nishike."

"Usiniguse! Niache nimlilie mkwe wangu kwanza!"

Basi akalia. Chozi lilimshuka mpaka kidevuni, likaning'inia, likaanguka juu ya mkoba, na wifi analisindikiza kwa macho. Juu kule Mrembo akaanguka miguuni, ngoma ikaingia. Chini ya kiti, mguu wa wifi ukaanza. Akaushika goti upesi, kwa hofu.

Mama akautoa ule mkono. "Kanyaga," akasema, kamasi tele. "Kanyaga nijue uko hai."

Filamu ilipendwa. Haukupita muda mrefu, yule mwenye skafu akaja tena barazani kwetu, mwenyewe, kofia mkononi. Ana filamu nyingine ya huzuni, na humo mama anazama mtoni katikati ya wimbo. Anamwomba Mama Cherehani akafe.

Wifi hakuinua macho kwenye pindo. Mama alikuwa ubavuni pake, anamenya vitunguu na kumrekebisha.

"Mwanangu, mimi sifi tena. Nimeshaliliwa." Akakata uzi kwa meno, akanigeukia. "Wifi, juzi ulivyolala na homa, mumeo alisemaje?"

"Alisema nikipata nafuu nimpigie pasi shati."

"Ahaa." Akauchukua mkoba wangu msumarini, akanitia mkononi. "Nawa miguu, mwaya. Nenda kafe wewe."