Kengele ya Ng'ombe Kwenye Chumba cha Seva

Katika Ushirika wa Umeme wa Elm Portage, kaskazini mwa Minnesota, wafanyakazi walimwogopa Arlys Haugen kuliko baridi ya Januari. Baridi angalau haikuulizi kadi ya kazi.

Arlys alikuwa fundi wa makufuli, binti wa fundi wa makufuli. Duka la baba yake lilipofungwa, ushirika ulimwajiri atunze funguo. Kompyuta zilipoingia, mtu mmoja ofisini akaona funguo ni funguo tu, akamwongezea na manenosiri. Arlys alienda kozi, akarudi akisema hakuona jipya kubwa. Baba yake alizoea kuwaambia wateja wasimpe mpangaji wa chumba kimoja ufunguo wa nyumba nzima, wasitegemee komeo moja, na wahesabu kwamba ipo siku mwizi ataingia, kwa hiyo wawe na njia ya kujua kaingia. Arlys aliyahamisha hayo yote kwenye kompyuta bila kubadili neno.

Basi karani wa bili hakuweza kuona mishahara ya watu, na meneja, Gordy Tveit, alihitaji nenosiri pamoja na namba ya kwenye simu ili asome barua pepe zake mwenyewe. Chumba cha seva kilikuwa na kufuli nene, na nyuma ya mlango Arlys alitundika kengele ya ng'ombe iliyokuwa dukani kwa baba yake.

"Tumenunua ng'ombe?" Gordy aliuliza alipoiona.

"Kamera itakuonyesha kesho nani kaingia leo. Hii inakwambia sasa hivi."

"Na ng'ombe mwenyewe akija?"

"Ataulizwa kadi."

Gordy alichoka kuulizwa. Aliishawishi bodi ikabidhi kazi ya ulinzi kwa kampuni moja ya Minneapolis. Bodi ilisitasita, ikaamua kampuni itume mtu wake mwezi Januari, siku yoyote ya kazi, ajaribu kujipenyeza. Akiifikia seva bila kukamatwa, Arlys aende nyumbani, na pensheni yake bado hajaifikia.

Wiki ya kwanza ilikuja barua pepe iliyosainiwa "Gordy", ikiomba manenosiri ya wafanyakazi. Arlys aliigundua papo hapo: ilikuwa na neno "tafadhali". Wiki iliyofuata akatokea mwanamume mwenye ngazi na sare ya mafundi wa simu. Arlys alimwacha kwenye theluji huku akitafuta mwenyewe namba ya kampuni ya simu ili awaulize. Simu haijapokelewa, jamaa kashabeba ngazi yake kaondoka.

"Mmemwona?" Arlys aliwaambia wenzake wakati wa kahawa, akizungusha kijiko kama mshindi wa mbio. "Kwangu hapiti mtu."

Ijumaa ikawa siku ya kumuaga Merle, fundi wa nguzo aliyekuwa anastaafu. Kila mtu alileta alichopika. Arlys alikuwa akipita mlangoni na birika la kahawa alipomwona nje ya kioo mama mmoja, miwani imejaa ukungu, kofia imejaa theluji, mikono yote miwili imekumbatia sinia lililofungwa taulo, mvuke unatoka. Katika kaunti ile, mtu mwenye chakula cha moto mikononi haulizwi jina. Anafunguliwa mlango na kupewa pole ya barabara.

"Ingia, mama, ingia! Utagandia hapo!"

"Asante, mpenzi. Viazi na nyama ya kusaga, ya Merle hii."

"Weka pale karibu na saladi ya jeli. Ila usiisukume pembeni, ni ya Gordy, atanuna."

Merle alimkumbatia yule mama akidhani ni binamu wa mke wake. Mke wake naye alimkumbatia akidhani ni mtu wa ofisini. Watu walipakua viazi mara mbili. Makoti yalirundikwa kwenye kiti kimoja, la Gordy likiwa juu kabisa. Kisha Gordy akasimama, akagonga glasi, akaanza kueleza jinsi ulinzi wa kisasa unavyohitaji wataalamu kutoka mjini.

Kengele ya ng'ombe ikalia.

Arlys alifika akiwa bado na uma mkononi. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha seva, ufunguo wa Gordy mkono mmoja, mwingine umeibana kengele inyamaze.

"Kadi," Arlys alisema.

"Sina. Naitwa Bernadine, natoka ile kampuni. Seva sijaigusa."

"Wewe si ndiye wa viazi?"

"Na wewe si ndiye uliyenifungulia?"

Wakatazamana. Huko ukumbini mtu alikuwa anauliza kama viazi vimebaki.

Bodi ilipokutana, Bernadine alieleza kwamba ufunguo aliutoa kwenye koti la meneja, na kwamba kengele ilimkamata. Mlango wa nje alisema tu kafunguliwa na mfanyakazi. Gordy, shingo nyekundu, akasema lazima ni msichana wa mapokezi.

Arlys angeweza kunyamaza. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha usoni.

"Ni mimi," alisema.

Kisha bibi Ostby, mjumbe mkongwe kuliko wote, akauliza, "Alibeba nini?"

"Viazi na nyama."

"Ya moto?"

"Ilikuwa ikitoa mvuke."

Bibi Ostby akawageukia wenzake. "Mnaniangalia nini? Kuna mtu humu angemwacha nje?"

Hakuna mkono ulioinuliwa. Arlys alibakishwa kazini, ila aurekebishe mlango wa nje. Alitafakari wikiendi nzima, na Jumatatu akaweka meza ndogo kwenye kibaraza kati ya milango miwili, palipo na hita.

Mwezi uliofuata alistaafu karani wa bili. Gordy alifika kibarazani na bakuli lake la jeli, akagonga kioo kwa kiwiko.

"Arlys! Fungua, mikono imejaa!"

Arlys alinyoosha kidole kwenye meza. Gordy akatua bakuli, akajipapasa mifuko yote, akabandika kadi kwenye kioo.

"Miaka yote hii hunijui?"

"Wewe nakujua," Arlys alisema, akivuta komeo. "Na ufunguo wa seva uko wapi?"

Gordy akafungua zipu ya koti. Ulikuwa shingoni, kwenye mnyororo.