Redio ya Mama Mkwe na Kikamera Changu

Kamwene ndugu zangu. Admin, jina langu lifiche, na wewe unayesoma ukinitambua, nyamaza nalo. Nina miaka thelathini na tatu, naishi Lyamkena hapa Makambako, nafuma masweta ya shule kwa mashine. Mabinti zangu wawili wako bweni. Mume wangu anauza mbao na ni mzee wa kanisa. Mama yake tunaishi naye. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo herufi zikiruka msinicheke.

Mume wangu ananipiga. Na sio kofi la hasira likaisha. Anavua saa kwanza, anaiweka juu ya kabati, ndipo anaanza. Mwaka juzi alinipasua mdomo kwa mwiko, nikaenda kushtaki kwa ukoo wao Mahongole. Baba mkubwa wa mume wangu akauliza, "Nani aliona?" Nikamtaja mama mkwe. Mama akainamisha kichwa, akasema, "Mimi nilikuwa jikoni, redio inaongea, sikusikia kitu." Basi nikaambiwa nimemchafua mzee wa kanisa, nichinje jogoo nimpikie mume wangu mbele yao kuomba radhi. Nilipika huku mdomo una nyuzi. Walisifia mchuzi.

Siku hiyo nilisema potelea mbali, wanataka aliyeona, nitawaletea asiyejua kudanganya. Nikanunua kikamera kidogo kama kibiriti, vile wanavyofunga kifuani waendesha pikipiki. Nikakificha kwenye boksi la nyuzi zangu za kufumia.

Jamani, kupigwa ni kazi, lakini kujirekodi ukipigwa ni kazi zaidi. Mara ya kwanza uzi wa kijani ulikaa mbele ya kioo cha kamera, nikapata sauti yangu tu nalia. Mara ya pili nilikitoa chumbani kwenye baridi nikakiweka sebuleni karibu na jiko la mkaa, kioo kikashika ukungu, tunaonekana kama watu walio ndani ya maziwa. Nilikula mateke ya bure. Dada aliyeniuzia akanielekeza bila kujua ninarekodi nini: "Kipashe joto kwanza, na usikielekeze dirishani, watu watatoka weusi tupu. Piga mchana, jua liwe nyuma ya kamera." Kuanzia hapo nikawa nakibeba kwapani kama kifaranga.

Sasa ndipo ninapoungama. Sikusubiri anipige. Nilichagua siku. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, jua limeingia vizuri sebuleni. Nikasogeza meza, nikasimama penye mwanga. Mume wangu alipoingia kula nikamwambia maneno niliyojua hayavumilii: "Madhabahuni unajifanya malaika, humu ndani ni mbwa. Hata mama yako anajua alizaa mbwa." Akavua saa.

Alinipiga ngumi ya sikio, nikaanguka. Akanikanyaga mgongo. Nilipojaribu kuinuka alinishika nywele akanigongesha kwenye mashine ya kufuma, mara ya kwanza, mara ya pili, damu ikaingia machoni. Nikaweka mkono wa kulia kujikinga, akaukanyaga kwa buti la kazini na ukavunjika, nikausikia. Hapo hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza kama bado niko kwenye picha.

Hospitali Njombe niliwaambia nimeteleza, maana aliyenipeleka alikaa pembeni yangu akinishika bega. Sasa yuko Makete kwenye mbao, na mkono wangu uko kwenye plasta.

Juzi nilipobaki na mama nikaweka picha kwenye simu. Imetoka safi, kila kitu kinaonekana. Na kinaonekana kitu ambacho mimi nikiwa chini sikukiona. Mama mkwe anakuja mlangoni na sahani ya viazi. Anaangalia mwanawe anavyonikanyaga. Anaweka sahani chini, anasogeza jiko lisiniunguze, anaufunga mlango taratibu. Halafu redio inapanda sauti mpaka mwisho.

Sikujua kuwa mama amesimama nyuma yangu. Alitazama mpaka mwisho. Nilitegemea akane kama zamani. Akakaa sakafuni, akasema, "Mwanangu, baba yake alinipiga mimi miaka yote. Mama mkwe wangu alikuwa anachukua mchi anatwanga kinu kitupu, majirani wasisikie. Mimi nimetumia redio." Akaongeza, "Peleka Mahongole. Na mimi usinitoe kwenye picha. Nitakaa mbele, waniulize."

Mimi nililia, lakini kwa aibu. Kwa sababu nilikuwa nimeshaikata ile picha. Nilitoa mwanzo wote, pale ninapomtukana huku natupia jicho boksi la nyuzi. Nilianzia kwenye ngumi; nzima nimeiacha kwenye kamera. Mama wa miaka sabini anakubali aonekane alivyo, na mimi niliyenunua kamera ili nitafute ukweli nimejificha.

Kikao cha ukoo ni Jumapili hii baada ya ibada. Nikionyesha yote, namjua baba mkubwa, atashika hilo tusi peke yake, atasema nilimtega mwanawe, na jogoo mwingine atachinjwa. Mama naye atafukuzwa na mwanawe uzeeni. Nikionyesha kipande, mama atakuwa amekaa mbele yangu, anajua maneno yaliyotangulia maana aliyasikia kutoka jikoni. Atatakiwa kuninyamazia, kama alivyomnyamazia mwanawe.

Msiniambie niondoke tu. Nitaondoka, begi limeshafungwa. Ila nataka mara moja tu watu wale waone, wasiseme tena nani aliona.

Tangu juzi redio haijawashwa humu ndani. Mama amefua gauni lake la Jumapili, ameliweka kwenye kiti. Nishaurini ndugu zangu, nipeleke picha yote au niliyoikata?