Uniti Zilizozidi kwenye Karakana ya Fundi Randa

Mtaani walimwita Mama Mita, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mkaguzi wa shirika la umeme. Aliumwa na mbwa mara mbili, na nyaya za wizi alizikuta nyuma ya makabati, chini ya mazulia, hata ndani ya friji bovu. Kazi ikamwingia damuni. Hata nyumbani, dada yake akisema amenunua kilo mbili za mchele, yeye huuinua mfuko kwanza ndipo anaitikia.

Safari hii kilichomkosesha raha kilikuwa karakana moja ya useremala. Mwenyewe aliitwa Fundi Randa. Juu ya bati alikuwa na paneli ishirini na nne za sola, na ukutani ile mita ya pande mbili: umeme wa jua unaendesha misumeno yake kwanza, unaobaki unaingia kwenye laini ya shirika, na uniti zake anawekewa akiba ya siku za mawingu. Siku zote alikuwa akirudisha uniti chache tu. Ghafla, kwa miezi minne mfululizo, akawa anarudisha mara tano yake. Na fomu yake ya kila mwezi bado ilisema mashine zinanguruma saa nane kwa siku.

"Anachoma dizeli huyu," Mama Mita akamwambia bosi wake. "Ana jenereta mahali, anatupenyezea umeme wake kama vile ni wa jua."

"Au hafanyi kazi," bosi akasema.

"Majirani wanamwona. Saa mbili amefungua, saa kumi na moja anafunga. Nani anafungua karakana miezi minne akae bure?"

Jumanne asubuhi akaenda bila kupiga simu. Fundi Randa, mwanamume mrefu wa miaka hamsini na kitu, alimkaribisha kwa maneno mawili tu na akabaki amesimama mlangoni, mkono wa kulia mfukoni. Mama Mita akapanda ngazi, akahesabu paneli moja moja. Ishirini na nne, kama kibali kinavyosema. Akazunguka nyuma, akalikuta jenereta. Akaliwekea kiganja: baridi. Tangi kavu, na buibui alikuwa ameshajenga kwenye bomba la moshi.

Mwingine angepumua. Yeye ndiyo kwanza akazidi kushuku. Kwake, mtu asiyekutwa na kosa alikuwa tu amejificha vizuri zaidi.

Akaingia ndani. Akapitisha kidole juu ya meza ya msumeno, kikatoka safi. Sakafu imefagiliwa, haina hata chembe ya maranda. Na yule bwana alifungua stoo kwa mkono wa kushoto, akasogeza mbao kwa mkono wa kushoto, wa kulia hautoki mfukoni.

"Umeficha nini humo?"

"Sijaficha kitu, mama."

"Basi utoe."

Fundi aliangalia nje, akarudishia mlango, kisha akautoa. Mkono ulikuwa mtupu. Ulikuwa unatetemeka kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole.

Mama Mita hakumeza hilo upesi. Akampa kalamu. "Andika jina lako." Kalamu ikakwaruza karatasi juu chini, na herufi ya kwanza haikutimia. Hapo Mama Mita akatafuta gogo la kukalia.

"Mtetemo ulianza taratibu," Fundi akasema. "Nikadhani ni uchovu. Sasa mkono kama huu nikiupeleka kwenye msumeno, nitarudi nyumbani na vidole vingapi? Wateja nawaambia nina oda nyingi, waje mwezi ujao."

"Na kutwa nzima humu unafanya nini?"

"Nafagia. Nasikiliza redio."

"Mkeo?"

"Hajui."

Mama Mita alifikicha macho. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejiandaa kukuta mwizi, na hili hakuwa na pa kuliweka. "Sikiliza, fundi. Kibali chako ni cha biashara inayotumia umeme wake na kurudisha ziada. Miezi sita bila kutumia, kanuni inakuhesabu muuza umeme, na hiyo ni leseni nyingine kabisa. Fomu ulizojaza si za kweli, na mimi nitaandika nilichokiona. Barua itafika baada ya wiki mbili, na itakuja kwa majina ya wenye biashara wote wawili."

"Mke wangu yumo."

"Najua yumo. Ndiyo maana nakwambia leo."

Fundi alimwambia mkewe jioni ile ile. Mama Mita alijua hayo miezi miwili baadaye, aliporudi kukagua, akamkuta mke mwenyewe karakanani.

"Miezi minne namfulia mashati hayana hata chembe ya unga wa mbao," mke akasema. "Nilishajua kuna mwanamke. Nilishampangia hadi maneno ya kumwambia huyo mwanamke. Kumbe mwenzangu anaumwa, kanyamaza."

Alikuwa amemleta binti wa dada yake, fundi aliyehitimu chuo cha ufundi, ndiye aliyekuwa kwenye msumeno. Fundi Randa alikaa pembeni akipima kwa jicho na kuelekeza. Dawa ya hospitali ilipunguza mtetemo, haikuumaliza. Kibali kilibaki, baada ya onyo na fomu mpya, na uniti za kurudi zikashuka.

Walipomletea Mama Mita kigoda kipya cha shukrani, alikigeuza miguu juu, akakagua viungio, akakikalia kidogo.

"Kigoda kizuri," akasema, akainuka. "Kitabaki hapa hapa. Mkinipa, mwakani nitawakaguaje?"