Mizoga Isiyo na Ngozi

Kiangazi kile harufu ndiyo iliyotuamsha, kabla hata ya majogoo. Ilitoka vichakani nyuma ya boma letu, karibu na Kwa Vonza, nzito na tamutamu, ikaingia hadi kwenye chai na kushika nguo zilizoanikwa. Mwishowe majirani waliifuata. Walikuta mizoga mitatu katikati ya miiba, haina vichwa, haina kwato, haina ngozi, imevimba na mabuu yakichemka ndani yake. Mmoja akasema ni ndama. Mwingine akasema ni punda milia waliotoroka mbugani. Mzee wa kanisa aliziba pua, akasema hao si wanyama wa Mungu, kisha akarudi zake nyumbani.

Mama hakubishana na mtu. Punda wa Susu, nyanya yangu, alikuwa ametoweka Alhamisi ya wiki iliyopita, na bila yeye maji ya mtoni tungeyabeba mgongoni sisi wenyewe. Mama alijifunga leso puani, akaokota fimbo, akaanza kugeuza mzoga mmoja baada ya mwingine. Nzi walimwingia masikioni. Kwenye mzoga wa tatu alisimama. Ubavu mmoja ulikuwa umeunga kombo, pale punda wetu alipoumia siku alipoanguka na mitungi ya maji.

"Ni yeye," alisema.

Kisha akaona mapaja. Yalikuwa yamechongwa kwa kisu hadi mfupani, safi kabisa. Mama alinitazama, nami nikaelewa. Jumamosi alikuwa amenunua nyama ya bei rahisi sokoni, kwa mtu mwenye beseni, nyekundu kupita kiasi. Jumapili tuliimaliza yote. Mimi niliramba sahani. Nilitapika palepale miguuni pake, na hadi leo nahisi haikutoka yote.

"Susu asijue," Mama alisema. "Sema tu wezi walienda na yeye."

Siku hizi naishi mjini Salama, ambako nyama choma inanukia barabara nzima. Buchani mbuzi hutundikwa na mkia wenye manyoya, ili mteja aamini. Mimi huushika kwanza, nikauvuta, na muuzaji hunicheka. Hata hivyo nyama yenyewe siili. Humpelekea Susu, ambaye bado yuko nyumbani kule Kwa Vonza. Huitafuna polepole kwa meno machache yaliyobaki, kisha huisukuma sahani kando.

"Si mbaya," husema. "Lakini haifikii ile tulikula wiki punda wangu alipotea."