Sehemu Tano za Mwisho

Mjomba Kanda, kaka yake mama, aliazimisha kanda za video mtaani kwetu miaka kumi na tisa. Sheria yake ilikuwa moja: rudisha hii ndipo uchukue inayofuata, hata kama unalia. Watu walimsema vibaya, na kesho yake walirudi. Jina lake halisi nadhani hata mkewe alishalisahau.

Mama alipougua ini na madaktari wakaturudisha nyumbani, aliomba kitu kimoja. Kulikuwa na tamthilia aliyoiangalia akiwa msichana, ya dada wawili wanaogombania kiwanda cha viatu cha baba yao. Kanda ya mwisho ilipotea, hakuwahi kuona mwisho wake.

"Nataka kujua kiwanda kilibaki na nani," aliniambia. "Nikijua hilo, basi."

Jina la tamthilia hakuna aliyelikumbuka. Mjomba akasema hiyo kazi mwachieni yeye. Wiki tatu alizunguka na simu, huduma moja ya filamu hadi nyingine. Akiandika "dada wawili" analetewa katuni, akiandika "kiwanda" analetewa mauaji. Mwishowe alikumbuka sura ya mwigizaji mmoja mwenye kidoti shavuni, akapekua kila alichowahi kuigiza hadi akaipata, imebandikwa jina jipya. Sehemu ishirini na nne. Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Moja kwa siku," Mjomba akatangaza, rimoti mkononi. "Utamu haumezwi wote kwa mpigo."

"Mjomba, mwache aangalie anavyotaka."

"Wewe mtoto, kazi hii nimeianza hujazaliwa. Nimeshaiweka kwenye orodha yetu. Hakuna wa kuichukua."

Nikamwachia rimoti. Mkubwa hakosei, eti. Najilaumu mpaka leo.

Siku ya ishirini alibonyeza, tukaambiwa haipatikani tena. Kumbe siku zote chini ya picha kulikuwa na maandishi madogo kwamba itaondolewa mwisho wa mwezi. Aliyaona. Alidhani yanahusu bando. Kwake yeye, ukiweka kitu kwenye rafu kinakaa hapo mpaka ukitoe mwenyewe. Alirudia kupekua huduma zote tangu asubuhi hadi jioni, jasho linamtoka. Wapi.

"Zilibaki ngapi?" Mama akamuuliza.

"Tano."

"Tano ni mchana mmoja tu, kaka."

Alisema taratibu kabisa. Afadhali angefoka.

Siku nne baadaye dada zake baba walikuja kumjulia hali. Macho ya Mama yalikuwa ya njano, sauti inakwisha. Shangazi mkubwa, ambaye mdomo wake haujui mgonjwa wala mzima, akaanza: "Haya wifi, na ule mchezo wenu? Huyu kaka yako bingwa wa kutafuta, amekufikisha mwisho?"

Mjomba alikuwa anagawa chai. Akasimama na sinia lake.

"Amenifikisha," Mama akasema.

"Kiwanda kikabaki na nani?"

"Na mdogo mtu. Umekwisha vizuri sana, wifi. Bila kaka nisingeona."

Mjomba aliweka sinia chini akatoka. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mikono kichwani, analia kwa sauti. Nilipaswa kumshika bega. Nilimwangalia tu, nikarudi ndani kumalizia kugawa chai.

Mama tulimzika wiki iliyofuata. Yeye alimsamehe kaka yake. Mimi bado.