Mwanamke Asiye na Uso Mvunguni Mwangu

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 10 Agosti 1953, niliota mwanamke asiye na uso amejikunyata chini ya kitanda changu, amekumbatia bakuli. Nilimshuku jirani yangu, Bi Tatu, ambaye tangu Idi alikuwa akichungulia mlangoni kwangu.

Mwalimu wa darasa letu la watu wazima hapa Bagamoyo alitufundisha kwamba, kwa mujibu wa daktari mmoja wa Uswisi, mgeni wa ndotoni ni kivuli chako mwenyewe: lile unalolificha nafsini. Mimi, mjane niliyejifunza kusoma ukubwani, niliamini sina la kuficha. Basi kivuli kile kilikuwa cha Bi Tatu, na nikalitangaza hilo, pamoja na ndoto yenyewe, darasani mbele ya wanawake wote, Bi Tatu akiwemo.

"Bakuli lenyewe likoje?" akauliza Bi Tatu.

"La maua mekundu, lina ufa ukingoni."

"Shoga, si ndilo nililokuletea futari Ramadhani!"

Nilikuwa nimelisukuma mvunguni kwa mkono wangu, maana chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, nami sikuwa na kitu cha kutia, wala sikutaka ajue.

"Lirudishe tupu, mwenzangu," akasema. "Kivuli baki nacho."